Fundi Subiri na Kitabu cha Mkunga

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Kiwandani, kule nyuma ya soko la nguo walikochapa vitabu, kalenda na kadi, kila mtu alimwita Subiri. Ukimpelekea tatizo la kompyuta, jibu lake la kwanza lilikuwa "subiri kidogo", na kompyuta yenyewe, akishaigusa, nayo ilijibu hivyo hivyo kwa maandishi meupe. Hata mlinzi wa getini akimwelekeza mgeni alisema, "Nenda mpaka mwisho wa korido, uulizie chumba cha Subiri. Ila usiwe na haraka."

Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, anayetembea kama mtu aliyebeba sinia la glasi. Kazi yake aliijua, hilo hakuna aliyebisha. Shida yake ilikuwa imani. Kuna watu wanaoamini mitishamba, kuna wanaoamini ndoto; Subiri aliamini masasisho. Sasisho jipya la usalama likitoka asubuhi, kabla ya chakula cha mchana alishaliweka kwenye kila mashine aliyoweza kuifikia. "Kompyuta isiyosasishwa ni nyumba isiyo na mlango," alipenda kusema. Ukimwuliza mbona jana mlango ulikuwepo na leo wewe mwenyewe umefungiwa nje, alitabasamu tu na kukuomba usubiri kidogo.

Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Mkewe, msusi mwenye saluni ndogo na ulimi usiojua likizo, alishampiga marufuku kugusa simu yake. Mama mkwe ndiye hakuonywa mapema. Alipokuja kukaa nao kwa muda, alimpa mkwewe simu amwongezee sauti ya mlio. Subiri akaongeza sauti, kisha, kwa kuwa kidole chake hakikuwahi kupita penye sasisho bila kubonyeza, akasasisha simu nzima. Ilipowaka tena, herufi zilikuwa ndogo kama sisimizi na majina ya watu yalikuwa yamepangwa upya. Mama mkwe, aliyezoea kubonyeza jina la pili ili kuongea na dada yake, akawa anampigia fundi bomba. Fundi bomba alifika pale nyumbani zaidi ya mara moja, spana mkononi, akiuliza ni wapi panapovuja.

"Baba," mama mkwe alimwambia Subiri kwa upole, maana mkwe ni mkwe, "simu umenirudishia, nashukuru. Lakini si ile niliyokupa."

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. "Shukuru Mungu hakusomea udaktari, mama. Ungekwenda kung'oa jino ukarudi na pua mpya."

Subiri hakukasirika. Aliamini kwamba watu wangekuja kumshukuru baadaye, kama watoto wanavyowashukuru wazazi kwa dawa chungu.

Kiwandani alikuwa na mpinzani mmoja wa kudumu, mpanga kurasa mkongwe waliyemwita Bwana Kesho. Vyumba vyao vilitazamana, kwa hiyo waliweza kununiana bila hata kuinuka kitini. Kila asubuhi kompyuta ya mzee huyu ilimwonyesha kisanduku cha kumwuliza kama anataka kusasisha sasa au akumbushwe kesho, naye, kabla hata ya kuvua koti, alibonyeza kesho. Hakufanya kwa hasira. Alifanya kama mtu anayefukuza inzi aliyemzoea. Na kwa kuwa nusu ya wafanyakazi pale walijifunza kazi mikononi mwake, Subiri hakuthubutu kumnyang'anya kipanya.

Kisha zikaja habari kwamba wezi wa mtandaoni wameingia kwenye kompyuta za kampuni moja ya kusafirisha mizigo, wakafunga mafaili yote na kudai fidia. Meneja wa kiwanda, mama mwenye maneno machache na macho makali, akaitisha kikao. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya Subiri. Alisimama, akaeleza kwa kirefu namna mwizi anavyopita kwenye ufa ambao sasisho lingeuziba, akamalizia kwa methali.

"Wahenga walisema leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo."

Chumba kizima kikageuka kumtazama Bwana Kesho. Mzee alikuwa akifuta miwani yake kwa ncha ya shati. Alimaliza kwanza kioo kimoja, akahamia cha pili.

"Mwanangu," akasema, "mashine yangu haijawahi kulala wakati mimi niko macho. Ya kwako je?"

Watu walicheka, meneja akagonga meza kwa kalamu. "Kila mtu asasishe wiki hii. Na wewe mzee wangu, nakuomba."

"Nimesikia, mama," Bwana Kesho akajibu. Walipotoka mlangoni, mtu akamsikia akisema kwamba ataanza kesho.

Jumatano mchana sasisho kubwa likatoka. Subiri, akiwa bado na joto la kikao, akaliweka kwenye kompyuta zote isipokuwa ya jirani yake. Safari hii hakuiruka hata ile ya chumba cha mabamba. Bamba ni bati jembamba ambalo kurasa huchorwa juu yake kabla ya kupelekwa kwenye mashine kubwa ya kuchapa. Bila bamba hakuna kitabu. Mashine ya kuchora mabamba hayo ilikuwa ya zamani, na iliongozwa na kompyuta moja tu ambayo Subiri alizoea kuiacha. Siku hiyo alijiambia kwamba ufa ni ufa. Hakumwuliza mtu, maana aliona kuuliza ni kuchelewesha.

Alhamisi asubuhi alimkuta mwendesha mashine ya mabamba amesimama mlangoni kwake, mikono nyuma.

"Kaka, sijui ni mashine haiioni kompyuta au ni kompyuta haiioni mashine. Wamenuniana tangu nimefika."

"Subiri kidogo," Subiri akasema.

Akaenda, akazima, akawasha, akachomoa waya, akachomeka. Kompyuta ilimweleza kwa adabu kwamba hakuna mashine yoyote inayotambulika, na mashine ile ilikuwa pale pale mbele yake, kubwa kama kabati la nguo, taa yake ya kijani ikiwaka. Sasisho lilikuwa limeifungia nje programu ya zamani iliyoviunganisha vitu vile viwili. Liliiona ngeni, na lilikuwa limefundishwa kutoamini wageni. Akajaribu kuliondoa. Kompyuta ikakubali, ikaanza kurudisha mambo kama yalivyokuwa, ikafika katikati, ikajiwasha upya, ikaanza tena kurudisha mambo kama yalivyokuwa. Subiri alikaa akitazama duara dogo likizunguka kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona kwamba duara lile halina haraka hata kidogo.

Saa hiyo hiyo, pale mapokezi, alikuwa ameingia mama mmoja mnene, aliyevaa viatu vya kutembelea mbali, na mkoba mkubwa begani. Alikuwa mkunga mstaafu. Miaka yake yote ya kazi aliipitisha katika vyumba vya kuzalia, na baada ya kustaafu aliketi akaandika kitabu cha mambo aliyoyaona humo: mama aliyejifungua huku akimgombeza mumewe kuhusu paa, mapacha waliokuja siku mbili tofauti, baba aliyezirai kabla hata ya kuingia mlangoni. Uzinduzi wa kitabu ulikuwa Jumamosi. Wanawe walikuwa njiani kutoka mbali, na waalikwa wengine walikuwa watu aliowapokea kwa mikono yake, sasa nao ni wazazi. Kurasa zilikuwa zimepangwa, karatasi zimekatwa. Kilichobaki ni mabamba.

Meneja alimpeleka Subiri mapokezi akaeleze mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kitabu changu kimefikia wapi?"

Subiri alieleza. Alianza na wezi wa mtandaoni, akapita kwenye nyufa, akafika kwenye programu ya zamani. Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo hakuna mtu kiwandani aliyewahi kumfanyia.

"Kwa kifupi amekwama njiani," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na aliyemkwamisha ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Basi usitetemeke. Nimekaa na waliokwama vibaya zaidi ya hiki. Mimi siondoki hapa." Akafungua mkoba, akatoa kitambaa na sindano ya kufumia, akaanza kufuma.

Subiri akarudi chumbani, akampigia wakala aliyewauzia mashine. Sauti ya kike iliyorekodiwa ikamwambia kwamba simu yake ni muhimu na anaombwa kusubiri kidogo. Ikapigwa muziki. Sauti ikarudi, ikamwomba tena. Waliokuwa wakipita korido walisimama mlangoni kusikiliza, kisha wakaenda kuita wenzao. Mwishowe mtu akapokea, akasema programu mpya inayokubaliana na sasisho hilo ipo, na itatumwa mwezi ujao.

"Mwezi ujao?" Subiri akauliza.

"Subira huvuta heri, bwana," yule wakala akamjibu, akakata simu.

Ilikuwa imebaki kompyuta moja tu yenye programu ya mashine ya mabamba. Kabla ya chumba cha mabamba kujengwa, mashine ile ilikaa katika chumba cha mpanga kurasa, na kompyuta yake ndiyo iliyoiongoza. Programu ilikuwa bado imo humo, haijaguswa na sasisho lolote. Subiri alilijua hilo tangu asubuhi. Alizunguka mbali sana ili asilifikie, kama mtu anayekwepa duka anakodaiwa, lakini njia zote zilikuwa zimekwisha. Akasimama, akavuka korido, akabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi.

"Karibu," Bwana Kesho akasema bila kugeuka.

"Mzee wangu, nina ombi."

"Ombi la leo au la kesho?"

Subiri akatazama viatu vyake. "La leo, mzee."

Bwana Kesho aligeuza kiti taratibu. Angeweza kusema mengi, na uso wake ulionyesha kwamba yote yalikuwa yamejipanga mdomoni. Lakini alikuwa amepita mapokezi, akamwona yule mama na kitambaa chake. "Ibebe," akasema. "Ila uibebe mwenyewe. Na usiipige chafya, vumbi lake ndilo limeishikilia."

Subiri aliibeba mpaka chumba cha mabamba, mzee akimfuata na nyaya kama mshika shela. Subiri alikataa katakata kuiunganisha na mtandao wa kiwanda. Kompyuta isiyo na kinga isiingie kati ya zilizo nayo, na hapo Bwana Kesho hakumbishia. Wakachomeka waya wa mashine. Kompyuta ikaitambua mara moja, kama ndugu waliopotezana. Mwendesha mashine akapiga makofi. Bwana Kesho akakunja mikono, akatazama dari kwa unyenyekevu wa uongo.

Kilichobaki ni kukiingiza kitabu. Subiri alikuwa amekinakili kwenye flashi. Akaichomeka, akafungua, akakunja uso. Folda ya kitabu ilikuwepo, ukiibonyeza haifunguki. Pembeni yake palikuwa na mafaili yenye majina ambayo yeye hakuyaweka. Akaichomoa, akaichomeka kwenye kompyuta yake ndogo aliyoitengea uchunguzi. Programu ya ulinzi ikaanza kupiga kelele, ikahesabu virusi mpaka ikachoka.

"Mzee," akasema polepole, "hii mashine yako ina wapangaji."

"Wapangaji gani?"

"Virusi. Vya miaka. Vingine hata sivijui, naona vimezaana humo humo."

Rangi ya Bwana Kesho ilibadilika. "Haijawahi kuniangusha," akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Mkunga, aliyesikia makofi na kudhani mambo yameiva, alikuwa amefika mlangoni na kitambaa chake. Akamtazama mzee, akamtazama fundi. "Huwa unaichomekea nini?" akauliza.

"Flashi za wateja tu," Bwana Kesho akajibu.

"Mzee wangu, mficha uchi hazai. Sema yote tumtibu."

Bwana Kesho akakohoa. "Na nyimbo. Za dansi, zile za zamani. Kuna jamaa pale sokoni hunijazia."

Subiri alikuwa na hotuba. Alikuwa nayo kwa miaka, imenolewa, ina methali na mifano, na hapakuwahi kutokea nafasi nzuri kuliko ile. Akamwona mzee amesimama kando ya kompyuta yake na waya mkononi, hajui auweke wapi. Akaiweka hotuba kando.

"Mimi nimeua mashine nzima kwa dawa," akasema, "wewe umeilea kwa maradhi. Tuko sawa. Kompyuta yako bado ina ule mlango wa CD?"

Mlango ulikuwepo. CD ikishaandikwa imeandikwa. Kirusi hakina pa kujishikiza. Subiri akazitafuta CD tupu katika droo ambayo hakuna aliyeifungua muda mrefu, akakiandika kitabu upya kutoka kwenye hifadhi ya kiwanda, akaiingiza. Safari hii folda ikafunguka na kurasa zote zikaonekana zikiwa salama. Akashika kipanya kuamuru mashine ianze.

Pale pale, katikati ya kioo, kikatokea kisanduku. Sasisho la zamani, lililopakuliwa kabla kompyuta haijatengwa na mtandao, lilikuwa likiuliza kama liwekwe sasa hivi na kompyuta izimwe na kuwashwa upya, au akumbushwe kesho.

Subiri akakiachia kipanya.

"Mzee," Subiri akasema, "kompyuta ni yako. Bonyeza."

"Mimi miwani nimeiacha kule." Miwani ilikuwa juu ya paji la uso wake.

"Mama, labda wewe."

"Mimi ni mgonjwa hapa," mkunga akasema, akaendelea kufuma.

Subiri akakishika tena kipanya, akakipeleka taratibu, na kwa kidole chake mwenyewe akabonyeza kesho. Hakuna aliyecheka. Mwendesha mashine alitoka nje kwa muda, na kutoka nje huko ikasikika sauti ya mtu anayecheka peke yake.

Mashine ya mabamba ikanguruma, ikatikisika, na bamba la kwanza likaanza kujitokeza, likiwa na jina la kitabu kwa herufi kubwa. Mkunga akaweka kitambaa mkobani, akasogea, akainama kulitazama kwa macho ya kazini.

"Kichwa hicho," akasema. "Kichwa kikishatoka, mwili haunisumbui."

Na mwili haukusumbua. Mabamba yalikwisha jioni ile, Ijumaa kutwa mashine kubwa ilichapa, na wanawake wa chumba cha kujalidi wakashona na kugundisha majalada mpaka vidole vikashika gundi. Jumamosi asubuhi Subiri na Bwana Kesho walipeleka maboksi ukumbini wenyewe. Mkunga akawashika mikono wote wawili, akawaketisha mstari wa mbele pamoja na watu aliowazalisha, na kila aliyepita akawauliza wao walizaliwa hospitali gani.

Jumatatu meneja aliwaita ofisini, akafunga mlango. Subiri alitegemea kuambiwa asiguse sasisho lolote tena. Bwana Kesho naye alitegemea kunyang'anywa kompyuta. Meneja aliwaambia jambo dogo kuliko hayo, nalo likawauma zaidi: Subiri asiweke kitu kwenye mashine ya mtu kabla ya kumwuliza mwenye mashine, na Bwana Kesho akiulizwa ajibu. Kompyuta ya mzee ikasafishwa. Alikaa kando yake siku nzima kama mtu aliyempeleka ndugu kufanyiwa upasuaji, akauliza maswali mengi, mengine ya maana. Nyimbo zake Subiri alimnakilia moja moja, zikiwa hazina mgeni ndani.

Kuuliza kulimshinda Subiri mwanzoni. Siku ya sasisho alipita mlango kwa mlango, na kila mlango ulikuwa na habari zake. Mhasibu alitaka kumwonyesha kwanza printa inayokula karatasi. Mapokezi walikuwa na kesi kuhusu feni. Mwendesha mashine ya mabamba alimwonyesha nyaya ambazo Subiri hakujua zinakwenda wapi, na mwenyewe hakujua pia, wakazifuata pamoja wakiwa wamepiga magoti mpaka wakajua. Kazi aliyoizoea kuimaliza kabla ya chakula cha mchana ikawa inamchukua kutwa. Alirudi nyumbani sauti imekauka, na mkewe akamwambia kwamba sasa ameanza kunukia kama mtu anayeishi na watu.

Mwezi wa pili wa utaratibu huo, wanawake wa chumba cha kujalidi walimsimamisha koridoni. Mkubwa wao, mama aliyevaa gauni lenye madoa ya gundi, alikuwa na lalamiko.

"Fundi, unapita vyumba vyote unauliza. Kwetu huingii."

"Dada zangu, nyinyi hamna kompyuta."

"Hilo tunalijua. Lakini hatujaulizwa."

Subiri akafikiri kidogo. Kisha akaingia, akasimama katikati ya marundo ya kurasa, akawaeleza kwa kirefu sasisho la mwezi ule litaziba nini na litagusa mashine zipi, akawauliza kama wana pingamizi. Wakaweka sindano chini, wakajadiliana. Mmoja akataka kujua kama litagusa mwanga wa taa. Mwingine akauliza kama haliwezi kungoja mpaka wamalize kushona kalenda, na Subiri akakiri kwamba linaweza. Wakashauriana tena, wakakubaliana, na yule mkubwa wao akampa ruhusa.